Ritifaa

Nilikuwa msoma prufu wako, Holo,
ghorofa ya pili, juu ya duka la nyavu pale Kirumba,
jarida la kurasa thelathini na mbili,
ishirini na nne karatasi ikipanda bei.
Harufu ya dagaa ilipanda ngazi kabla ya wageni.
Kalamu yako nyekundu uliifunga uzi shingoni
kama mwenye duka na ufunguo wake.

"Sana" ulizikata. "Kwa kweli" ulizikata.
Kijana akileta "mawimbi yenye hasira"
ulimuuliza: yamekasirishwa na nani?
Lakini jina hukulikata hata siku moja.
Mtumbwi ukizama ulitaka majina yote, na ya baba zao,
na kisiwa walikotoka, hata tangazo la soda lihame ukurasa.
"Idadi ni ya samaki," ulisema.

Usiku wa toleo la Machi
Ng'wandu alitoka mtamboni akiwa Ngwandu.
Ukasimamisha mashine. Nakala mia sita zilishakauka.
Nikasema, dada, ni kijimkia tu cha wino.
Ukaniamuru nilitamke jina, hivi, kisha vile.
"Sasa niambie, mama yake ataitikia lipi?"
Tukachapa upya.
Mshahara wa mwezi huo tuliupata mwezi wa tano.

Kisha ikaja bahasha ya kaki kutoka Dodoma.
Walitaka mtu anayelijua ziwa na anayeijua sentensi.
Tulikuaga kwa sato wa kuchoma; viatu vyako vipya vilikubana,
ukala peku, miguu juu ya kreti.
Watu wakasema, huyo amekwenda kula.
Nikabisha: amekwenda kuhariri.
Nilibisha kwa sauti kubwa kuliko nilivyoamini.

Miaka saba nikakusoma katika taarifa zisizo na jina lako.
Nilikutambua kwa mkato kabla ya "lakini",
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kubisha hodi.
*Serikali imesikitishwa.*
*Pande mbili zimekubaliana kuendelea kukubaliana.*
Hapo nilicheka,
kisha nikaangalia kama kuna aliyenisikia.

Doria ya jirani ikawabeba wavuvi wetu
ng'ambo ya mstari ambao maji hayajawahi kuambiwa.
Taarifa ikasema: raia kumi na wawili.
Raia kumi na wawili, Holo!
Nikaitoa kalamu yako, uliyoisahau juu ya kabati,
nikaizungushia ile idadi, nikaandika pembeni: *majina?*
Sikujua niitume wapi. Nikaitia kwenye droo, nikapiga kufuli.

Mlikutana Capri Point, hoteli ile yenye mawe ndani ya bustani.
Mimi nilipewa zabuni ya vibao vya mezani,
chako nikakichapa kwa herufi zetu za zamani.
Ulipita na wajumbe. Hukunikumbatia, itifaki hairuhusu.
Uliinama kama anayeokota kitu, ukaninong'oneza:
"Kiambatisho cha tatu. Soma prufu."

Nikasoma usiku, taa ya mezani, mende wawili.
Leseni, maboya, ukubwa wa macho ya nyavu,
mabondo yanapimwaje, nani atalipia kikao kijacho.
Na mwishoni kabisa, mahali ambapo hakuna anayesoma kwa sauti,
wote kumi na wawili. Baba zao. Visiwa vyao.
Wa tisa: Masalu Ng'wandu, Irugwa.
Mtoto wa yule yule.
Na ritifaa ipo,
katika nakala yetu na katika nakala yao,
imesimama mahali pake.
Sijui ulikesha mangapi kuipata,
wala ulibadilisha neno gani gumu kwa neno laini.

Jumanne walishuka gatini kumi na mmoja.
Mmoja bado, wanasema kuna karatasi.

Kosa nililoliona ni moja,
ukurasa wa thelathini na nane:
nafasi mbili baada ya nukta.
Nimelizungushia.